Hadrosaurus, Dinosaria wa Mdomo wa Bata: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukimtajia mtu dinosaria, humjia kichwani yule wa sinema, mwenye meno kama mapanga na vimikono visivyofika hata mdomoni. Wa ukurasa huu alikuwa mla majani. Hakuwa na pembe wala miiba, na mkia wake haukuwa na rungu. Pamoja na upole wake huo, ndiye aliyewalazimisha wataalamu wafute michoro yao ya dinosaria na kuanza upya. Maswali haya ndiyo ninayoulizwa zaidi, na watoto kwa wazazi wao, na nimeyaacha yafuatane kama yanavyofuatana kwenye mazungumzo.

Hadrosaurus ni mnyama gani hasa?

Ni dinosaria aliyeishi takriban miaka milioni 80 iliyopita, katika sehemu ambayo leo ni mashariki mwa Marekani. Kutoka puani hadi ncha ya mkia alifikia kama mita 7 au 8, yaani urefu wa Coaster ya abiria. Uzito wake hukadiriwa kuwa kati ya tani 2 na 4, kama tembo jike.

Jina lake kamili ni Hadrosaurus foulkii. Sehemu ya kwanza ni Kigiriki: "hadros" ni mnene au mwenye kiwiliwili kikubwa, na "sauros" ni mjusi. Kwa hiyo ni mjusi mnene, basi. Sehemu ya pili ni heshima kwa William Parker Foulke, tutakayemfikia sasa hivi. Ukoo mzima wa dinosaria wenye mdomo wa bata huitwa hadrosauri kwa sababu yake, na ukoo huo ulienea Amerika, Asia na Ulaya. Afrika pia, lakini hilo lina swali lake huko chini.

Aligunduliwa wapi, na nani?

Mjini Haddonfield, katika jimbo la New Jersey, mwaka 1858. Hilo ndilo jibu la mtihani. Ukweli ni kwamba mifupa ilionekana mara mbili, na mara ya kwanza ikapotea.

Wakulima wa New Jersey wa zama zile walikuwa na mbolea yao ya bure, udongo wa rangi ya kijani kibichi uliotulia chini ya ardhi tangu enzi za bahari ya kale. Waliuchimba kwa majembe na sepeto, wakaupakia kwenye mikokoteni, wakaumwaga mashambani. Mwaka 1838 hivi, wafanyakazi waliokuwa wakichimba udongo huo kwenye korongo la shamba la John Estaugh Hopkins walikutana na mifupa mikubwa. Hopkins aliitazama, akaiona ni vitu vya ajabu, akaiweka nyumbani. Kila aliyefika kumtembelea na kuvutiwa alipewa wake akaondoka nao. Miaka ikaenda.

Miaka 20 baadaye Foulke alikuwa amekuja Haddonfield kupumzika. Alikuwa mwanasheria wa Philadelphia, mtu wa mambo mengi. Alipigania marekebisho ya magereza, alipinga utumwa, na alikuwa mwanachama wa Academy of Natural Sciences, chuo cha wapenda elimu ya viumbe jijini mwao. Siku moja, katika maongezi na jirani yake Hopkins, habari ya mifupa ikachomoza. Foulke akauliza iko wapi. Hopkins akasema amekwisha kuigawa, na hakumbuki aliwapa akina nani.

Mtu mwingine angesikitika, akabadilisha mada. Foulke aliomba ruhusa ya kuchimba upya. Korongo lilikuwa limeota vichaka na kingo zake zimeporomoka, hivyo kulipata shimo lenyewe ilikuwa kazi. Aliwakodi vibarua wakachimba, na walipofika kina cha takriban mita 3 wakaikuta mifupa iliyobaki, ile ambayo wachimbaji wa mwanzo hawakuifikia au hawakuijali. Haikuwa myeupe. Ilikuwa myeusi kama mpingo, mizito, imeshiba madini ya chuma. Foulke akamwita rafiki yake Joseph Leidy aje aione.

Huyo Leidy ni nani?

Profesa wa anatomia katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, na pengine jicho kali kuliko yote Marekani wakati huo. Mwaka 1846, akiwa mezani anakula nyama ya nguruwe, aliona vidoa vidogo kwenye kipande chake. Wengine tungemeza au tungetupa. Yeye alikipeleka kwenye hadubini, akakuta minyoo ya trikina, na tangu hapo watu wakajua minyoo hiyo hukaa ndani ya nguruwe. Kwa mtu wa namna hiyo, lundo la mifupa meusi ni sawa na barua iliyoandikwa vizuri.

Tarehe 14 Desemba 1858 aliisimulia mifupa hiyo mbele ya wanachama wenzake wa chuo kile cha Foulke, Academy of Natural Sciences, na kumpa mnyama jina.

Je, ndiye dinosaria wa kwanza kugunduliwa duniani?

Hapana, ingawa utalisikia dai hilo likirudiwa mara nyingi. Waingereza walitangulia: Megalosaurus alipewa jina mwaka 1824, Iguanodon mwaka 1825, na neno lenyewe "dinosaria" lilibuniwa na Richard Owen mwaka 1842.

Hata Marekani hakuwa wa kwanza kabisa. Mwaka 1856 Leidy huyo huyo alikuwa tayari amewapa majina dinosaria kadhaa kutokana na meno yaliyookotwa upande wa magharibi, karibu na Mto Judith huko Montana. Mmojawapo alimwita Trachodon, na leo tunajua mengi ya meno yale yalikuwa ya ndugu wa Hadrosaurus. Na tukirudi nyuma zaidi, Oktoba 1787 kulikuwa na mfupa mkubwa wa paja kutoka New Jersey hiyo hiyo ulioonyeshwa kwenye kikao cha wasomi Philadelphia. Waliutazama, hawakujua ni wa nini, ukawekwa kando na hatimaye ukapotea. Watu wengine huamini ulikuwa wa hadrosauri. Wa kuthibitisha hayupo, maana mfupa haupo.

Alichotangulia Hadrosaurus ni ukamilifu. Wa Uingereza walijulikana kwa vipande: taya hapa, meno pale, mifupa ya nyonga kwingine. Wa Haddonfield alikuja na pingili 28 za uti wa mgongo, mifupa ya mkono, nyonga, paja, muundi na unyayo, pamoja na vipande vya taya na meno machache. Kwa mara ya kwanza mtu aliweza kuweka mkono na mguu wa dinosaria mmoja juu ya meza moja.

Kwani mkono na mguu vina siri gani?

Hapa ndipo penye utamu wa habari yenyewe.

Huko London mwaka 1854 yalizinduliwa masanamu makubwa ya wanyama wa kale kwenye bustani ya Crystal Palace, kazi ya mchongaji Benjamin Waterhouse Hawkins chini ya ushauri wa Owen. Dinosaria wake walisimama kwa miguu minne minene, kama vifaru waliovishwa ngozi ya kenge. Iguanodon alibandikwa pembe puani, kabisa. (Baadaye, mifupa mizima ilipopatikana Bernissart, Ubelgiji, mwaka 1878, ikaonekana "pembe" ile ni mwiba wa kidole gumba.) Usiku wa kuamkia mwaka 1854 Hawkins aliwaandalia wakubwa wa elimu karamu ndani ya kiolezo cha Iguanodon huyo. Wakala, wakanywa, wakaimba. Hakuna aliyeuliza kama miguu ya mbele inapaswa kuwa na unene ule.

Leidy yeye alikuwa na mfupa wa paja uliozidi kidogo mita 1. Akauweka kando ya mfupa wa mkono wa juu, na huo ukawa na urefu wa zaidi kidogo tu ya nusu yake. Mnyama mmoja, tofauti kubwa kiasi hicho. Ikiwa miguu ya nyuma ni mirefu na minene vile, na ya mbele ni mifupi na myembamba, basi mwili mzima ulibebwa nyuma. Akamfikiria kangaruu, ameketi kwenye miguu ya nyuma na mkia, anavuta majani kwa mikono. Kwa mfano wa kangaruu alikosea, na tutaona kwa nini, lakini hoja ya miguu miwili ilikuwa sahihi kwa kiasi cha kutosha kuyafanya masanamu ya London yaonekane ya kizamani kabla hayajamaliza hata miaka mitano.

Ajabu ni kwamba mwaka uleule wa 1858, mwezi Julai, nadharia ya Darwin na Wallace ilisomwa London kwa mara ya kwanza. Foulke na Leidy walikuwa wakiitoa mifupa yao udongoni wakati dunia inaanza kujiuliza viumbe wanabadilika vipi.

Kama alikuwa mnyama wa nchi kavu, mbona mifupa ilikutwa kwenye udongo wa bahari?

Swali zuri, na Leidy mwenyewe alijiuliza. Udongo wa Haddonfield ulitulia chini ya bahari, ndiyo maana kulikuwa na makombe humo. Jibu lake, ambalo bado linakubalika kwa sehemu kubwa, ni kwamba mnyama alifia bara au kando ya mto, maji yakaubeba mzoga hadi baharini. Aliyewahi kuona mzoga wa ng'ombe mtoni wakati wa masika anajua unavyofura na kuelea siku kadhaa. Ukishapasuka unazama, vipande vikidondoka njiani.

Wakati huo Amerika Kaskazini ilikuwa imegawanywa na bahari ya kina kifupi iliyopita katikati yake kutoka kaskazini hadi kusini. Hadrosaurus aliishi kwenye kisiwa kikubwa cha mashariki, ambacho wanajiolojia hukiita Appalachia. Ndugu zake wengi maarufu waliishi ng'ambo, upande wa magharibi, ambako mito ilifukia mizoga haraka kwenye matope ya nchi kavu. Ndiyo maana Montana na Alberta zina mifupa tele, na New Jersey ina michache.

Mdomo wa bata ulionekanaje kwenye mifupa hiyo?

Haukuonekana.

Usicheke. Dinosaria aliyeupa ukoo wa mdomo wa bata jina lake hana mdomo. Fuvu halikupatikana, ila vipande vya taya na meno. Leidy hakuwa na sababu yoyote ya kumfikiria bata. Kilichomjia ni Iguanodon, kwa sababu meno yalifanana: umbo kama la jani au almasi, na tuta moja likishuka katikati upande wenye enameli.

Mdomo ulijulikana baadaye. Mwaka 1882, katika eneo la Dakota, wachimbaji wa Edward Drinker Cope, mtafiti wa mifupa ya kale wa Philadelphia, walipata fuvu zuri la hadrosauri wa aina nyingine, anayeitwa Edmontosaurus leo, na mwaka uliofuata Cope akaeleza jinsi mbele ya uso ilivyopanuka na kuwa bapa. Hapo ndipo habari ya bata ilipoanza. Tunapomchora Hadrosaurus akiwa na mdomo wa bata, tunamwazima sura ya ndugu zake. Ni uazimaji wa haki, maana mifupa iliyobaki inawiana, lakini mchoraji mwaminifu anajua kwamba shingoni kwenda juu anakisia.

Alikuwa akichota matope kama bata, basi?

Watu waliamini hivyo kwa miongo mingi. Cope alidhani meno yao ni dhaifu, yanafaa majani laini ya majini tu. Vitabu vikawachora wamezama hadi kiunoni ziwani, wakilamba magugu maji.

Chukua taya la hadrosauri uliangalie kwa karibu. Meno hayakupangwa safu moja kama yetu. Yamebanana kwenye nguzo, jino juu ya jino, na kila upande wa taya unaweza kuwa na nguzo hadi 60. Lililo juu likisagika, la chini yake linapanda. Ukihesabu yote, yanayotumika na yanayosubiri zamu, mnyama mkubwa alikuwa na zaidi ya 1,000 kinywani. Yote yameshikamana yakafanya uso mmoja wenye matuta, mfano wa jiwe la kusagia lililochongwa upya. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 uligundua kwamba jino moja lilijengwa kwa tishu sita tofauti, wakati mamba na mijusi wana mbili tu za msingi. Kwa kuwa tishu ngumu na laini huisha kwa kasi tofauti, uso wa jino ulibaki na makali siku zote. Farasi na nyati hutumia ujanja huo huo. Meno ya namna hii hayakuumbwa kwa ajili ya ugali. Ni ya kusaga vijiti, majani magumu na matawi ya misonobari.

Na ule mdomo? Mbele hakukuwa na meno kabisa. Mfupa ulifunikwa na ganda gumu la aina ile ile ya kucha na pembe. Katika visukuku vichache (mabaki ya viumbe wa kale yaliyohifadhiwa mwambani) ganda hilo limebaki, na linaonekana likishuka chini kupita mfupa, kama ncha ya koleo iliyokunjwa. Bata hana kitu kama hicho. Kasa anakaribia zaidi. Jina limeshazoeleka, tutafanyaje.

Alitembea kwa miguu miwili au minne?

Yote mawili. Alipokula karibu na ardhi au kutembea taratibu alishusha mikono chini. Alipohitaji kukimbia inaelekea aliinuka kwenye miguu ya nyuma. Kosa la kangaruu lilikuwa mkiani. Hadrosauri walikuwa na kano zilizogeuka mfupa, zimepita kando ya uti wa mgongo kama nondo ndani ya zege. Mkia wa namna hiyo haukunjiki kuwa kigoda. Ulinyooka nyuma, juu ya ardhi, ukisawazisha uzito wa mbele, na mgongo ulilala karibu sambamba na ardhi.

Ni kweli mifupa yake ndiyo ya kwanza kusimamishwa kwenye makumbusho?

Ndiyo, kwa dinosaria. Mwaka 1868 Hawkins, yule yule wa vifaru vya London, alikuwa Marekani. Alikuwa amealikwa New York atengeneze makumbusho ya wanyama wa kale ndani ya Central Park. Akitafuta mifupa ya kuigia, akafika Philadelphia na kuwaomba Leidy na Cope ruhusa ya kumsimamisha Hadrosaurus.

Alikuwa na sehemu tu ya mifupa. Iliyokosekana aliifinyanga kwa plasta, na upande mmoja ulipokuwa na mfupa na mwingine hauna, akatengeneza nakala. Kichwa alikitunga akifuata fuvu la iguana wa leo. Akaufunga mwili kwenye vyuma, ukasimama wima, kichwa juu kabisa ya watazamaji, mkia umegusa sakafu. Mtu aliyewaambia walimwengu dinosaria ni kifaru, miaka 14 baadaye akawaonyesha dinosaria ni kangaruu. Mimi humheshimu kwa hilo. Si wengi wanaokubali kuvunja kazi yao wenyewe.

Watu walifurika. Chuo kile cha Academy hakikuwahi kuona umati wa aina ile: vumbi, msukumano, vioo kuvunjika. Wakuu wake wakaanza kutafuta njia za kuwapunguza wageni, na mwaka 1876 chuo kilihamia jengo kubwa zaidi. Nakala za plasta zilikwenda Princeton, Smithsonian mjini Washington, na hata Edinburgh, Uskoti. Kwa miaka mingi, mtu akisema ameona dinosaria amesimama, alikuwa amemwona huyu au nakala yake.

Makumbusho ya Central Park hayakujengwa. Mwaka 1871 watu waliingia kwenye karakana ya Hawkins na kuvunja alichokuwa akitengeneza. Lawama zilimwangukia kwa muda mrefu Tweed, mwanasiasa mla rushwa wa New York, lakini utafiti wa mwaka 2023 umemnyooshea kidole Henry Hilton, mmoja wa wasimamizi wa bustani.

Nimesikia kuna "vita vya mifupa". Vinahusiana na Haddonfield?

Vinahusiana sana. Cope alivutiwa na machimbo ya udongo wa New Jersey kiasi kwamba mwaka 1868 alihamia Haddonfield kabisa. Mwaka huo alimkaribisha rafiki yake, Othniel Charles Marsh wa Chuo Kikuu cha Yale, mtafiti wa visukuku kama yeye, akamtembeza mashimo yote. Mgeni akashukuru, akaaga, kisha akaenda nyuma ya mgongo wa mwenyeji na kuwalipa wenye machimbo ili visukuku vipya vipelekwe kwake. Mgeni wa namna hii Waswahili tungempa jembe siku ya kwanza, tusingengoja ya tatu.

Kuna na kisa cha Elasmosaurus, mnyama wa baharini mwenye shingo ndefu, ambaye Cope alimwekea kichwa kwenye ncha ya mkia. Leidy ndiye aliyeonyesha kosa hilo hadharani. Marsh hakuacha kulitaja maisha yake yote. Wawili hao walishindana magharibi mwa Marekani kwa miaka mingi, kwa fedha, vibarua, majasusi na matusi ya magazetini. Leidy, mpole na asiye na mali ya kushindana nao, alijitoa polepole kwenye visukuku na kurudi kwenye hadubini yake. Hasara ilikuwa ya visukuku.

Bata wa leo ni wajukuu zake?

La. Ndege wote, bata akiwemo, wametokana na tawi la dinosaria wala nyama waliotembea kwa miguu miwili. Hadrosauri walikuwa tawi lingine, na lilikatika bila kuacha mzao miaka milioni 66 iliyopita. Kwa nasaba, bata mzinga wako ana undugu wa karibu zaidi na yule wa sinema mwenye meno ya panga.

Waliwahi kufika Afrika?

Hadi miaka michache iliyopita ungejibiwa hapana. Mwishoni mwa enzi za dinosaria Afrika ilikuwa imezungukwa na bahari pande zote, na hadrosauri walidhaniwa ni wa kaskazini. Kisha kwenye machimbo ya fosfeti ya Sidi Chennane, mkoa wa Khouribga nchini Moroko, likapatikana taya lenye nguzo zile zile za meno. Lilitangazwa mwaka 2020. Mwenyewe alikuwa mdogo, kama mita 3 tu, na aliishi karibu na mwisho kabisa. Lazima wazee wake walivuka maji, kwa kuogelea au kwa kubebwa na magogo na vichaka vinavyoelea. Watafiti wakampa jina Ajnabia, kutoka neno la Kiarabu "ajnabi". Msomaji wa Kiswahili hahitaji kamusi hapa: ni ajinabi wetu, mgeni kutoka ng'ambo.

Mwaka 2024 akatangazwa mwingine kutoka Moroko hiyo hiyo, naye jina lake ni Minqaria bata. Minqar ni mdomo wa ndege kwa Kiarabu. Bata ni bata. Kati ya majina yote ya kisayansi niliyowahi kuwasomea watoto, hili ndilo la kwanza waliloelewa nusu yake kabla sijafungua mdomo.

Na Tanzania? Si tuna Tendaguru?

Tunayo, tena ni moja ya hazina kubwa za dinosaria duniani, lakini hadrosauri hawamo na hawatapatikana humo. Miamba ya Tendaguru, mkoani Lindi, ina umri wa miaka milioni 150 hivi. Ilipotulia, hadrosauri walikuwa hawajatokea.

Waliomo ni ndugu wa mbali wa zamani zaidi. Kati ya mwaka 1909 na 1913 msafara wa Wajerumani ulichimba pale kwa nguvu za mamia ya vibarua wa nchi hii, wakiongozwa na wanyapara kama Boheti bin Amrani, na mizigo ikabebwa vichwani kwa miguu hadi bandari ya Lindi. Kila mtu humkumbuka yule dinosaria mrefu aliyesimamishwa kwenye makumbusho ya Berlin. Ndani ya shehena hiyo kulikuwa pia na mla majani mwepesi aitwaye Dysalotosaurus, mwenye kimo cha kawaida tu na miguu ya mbio. Yeye yumo kwenye tawi kubwa ambalo, mamilioni ya miaka baadaye, lilimtoa Hadrosaurus.

Je, jina Hadrosaurus bado ni halali? Nimesoma kwamba limefutwa.

Liliyumba. Mfupa bila fuvu ni kama mtu asiye na kitambulisho, na hadrosauri hutofautishwa zaidi kwa vichwa vyao. Kuna wakati wataalamu waliona hakuna cha kumtenga na wengine. Mwaka 2011 Albert Prieto-Márquez alirudia kuichunguza mifupa ya mkono na nyonga, akaona alama za kutosha kumtambulisha. Kwa sasa jina limesimama.

Nikifika Marekani naweza kumwona?

Philadelphia, kwenye makumbusho ya Academy ile ile, yupo wa nakala amesimama kwa mkao wa kisasa. Mifupa halisi imehifadhiwa ndani. Haddonfield penyewe, korongo lipo mwisho wa mtaa wa nyumba za kawaida, limejaa miti, na kijito kinapita chini. Kuna jiwe lenye bamba la maelezo lililowekwa mwaka 1984 kwa juhudi za kijana skauti. Serikali ya Marekani ililitangaza eneo hilo kuwa la kihistoria mwaka 1994, miaka mitatu baada ya New Jersey kumfanya Hadrosaurus dinosaria rasmi wa jimbo, na hilo lilitokana na wanafunzi wa shule ya msingi na mwalimu wao kuwasumbua wabunge hadi wakakubali. Katikati ya mji ipo sanamu ya shaba ya mwaka 2003, nzuri kwa picha.

Mifupa ile ya mwanzo, aliyoigawa Hopkins, ilipatikana?

Haijapatikana hadi leo. Huenda fuvu lilikuwemo, huenda halikuwemo. Ikiwa una ndugu anayekaa kwenye nyumba kuukuu pande zile za New Jersey, na mlango wa ghala lake umezuiwa na kitu cheusi kama mpingo, kizito kupita jiwe la ukubwa wake, mwambie akipindue akitazame upande wa chini.